Michango ya Simu: Sadaka Inayohitaji Daftari



Ndugu zangu katika imani, takriban kila siku simu zetu hupokea ujumbe wa aina moja: picha ya mgonjwa kitandani, barua ya daktari, namba ya kutumia fedha, na ombi la kusambaza. Leo ni mtoto anayetakiwa kupelekwa Muhimbili au India, kesho ni nyumba iliyoungua, keshokutwa ni madrasa inayovuja. Watu wanatoa, alhamdulillahi. Mwenye shilingi 1,000 anaituma akiwa Micheweni na inafika Mjini kwa dakika moja.

Moyo huu si mgeni kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuokoa watu. Hawakungoja kamati. Hata hivyo, michango ya simu si tukio la usiku mmoja. Imekuwa mfumo, na mfumo usio na utaratibu huzaa fitina.

Swali linaloniijia mara nyingi ni hili: fulani alichangiwa matibabu, Mwenyezi Mungu akamchukua kabla ya safari. Fedha zilizobaki ni za nani? Familia inasema ni urithi. Waliokusanya wanasema zipelekwe kwa mgonjwa mwingine. Waliotoa wamekaa kimya, wengine hata hawajui kuwa mgonjwa amefariki.

Jawabu linategemea namna fedha zilivyotolewa. Kama mtoaji alimpa mgonjwa ziwe mali yake atumie apendavyo, na zikamfikia, basi ni mali yake na zinaingia katika mirathi baada ya madeni. Kama zilitolewa kwa ajili ya matibabu tu, na bado zimo mikononi mwa wakusanyaji, hizo ni amana. Mkusanyaji ni wakili. Hana ruhusa ya kuzigawa kwa rai yake. Atawarejea waliotoa, na asipoweza kuwapata, atazipeleka kwenye haja inayofanana na ile, yaani mgonjwa mwingine asiyejiweza.

Ugomvi huu unazuilika kwa sentensi moja kuandikwa mwanzoni mwa ujumbe: "Zikizidi, zitamsaidia mgonjwa mwingine." Ongeza mambo matatu. Kwanza, fedha zishikwe na watu wawili au watatu, si mmoja. Pili, kila mchango uandikwe, kwani Qur'ani imetuamrisha kuandika hata deni baina ya wawili wanaoaminiana. Tatu, hesabu ya mwisho itangazwe pale pale ombi lilipotangazwa. Mkusanyaji mwaminifu asione anatuhumiwa. Daftari humlinda yeye kwanza.

Pia tumsitiri mgonjwa. Picha ya mtu akiwa nusu uchi hospitalini inabaki kwenye simu za watu miaka mingi baada ya yeye kupona. Surat al-Baqara inatufundisha kuwa neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi. Barua ya daktari na uthibitisho wa imamu au sheha vinatosha.

Na zaka isichanganywe na michango hii. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba. Mgonjwa fakiri anaingia, lakini si kila mgonjwa ni fakiri, na jumla ya wanazuoni hawajuzishi zaka kujengea msikiti. Anayetaka kutoa zaka atie nia na aulize hali ya anayepewa.

Tatizo kubwa zaidi ni kuwa tunatoa tukishtushwa tu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu japo ni ndogo. Kina mama wetu wanalijua hili kupitia upatu. Nyumba 60 za mtaa mmoja, kila moja ikitoa shilingi 500 kwa wiki, kwa mwaka zinapata shilingi 1,560,000. Mgonjwa wa mtaa huo atapata nauli ya boti na dawa za mwanzo bila ya picha yake kuzungushwa popote.

Fungu likikua, wenye mtaa wanaweza kununua kitu cha wakfu, kama mashine ya kushonea au fremu ya duka, kipato chake kiwasaidie mayatima. Sayyidna Umar (RA) alifanya hivyo kwa ardhi yake ya Khaybar: asili haiuzwi, mazao yake ni sadaka. Wakfu usajiliwe katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, usije ukageuka mali ya mtu baada ya kizazi kimoja.

Na asiye na shilingi asijione hana sehemu. Mwanamme mwenye afya anaweza kuchangia damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua hatapona kwa fedha ikiwa damu haipo. Mwalimu anaweza kumsomesha yatima bure baada ya skuli. Kijana anaweza kumshikia daftari imamu wake.

Tumuombe Mwenyezi Mungu azikubali sadaka zetu na atujaalie uaminifu katika amana zetu. Wallahu aalam.