Mende na nzi hospitalini: kunyunyiza dawa pekee hakutoshi

Katika hospitali nyingi za mashariki mwa Kongo, chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani. Ndugu zake ndio wanaleta bugali na sombe katika sahani iliyofunikwa, pamoja na maji katika bidoni. Kinachobaki kinawekwa chini ya kitanda mpaka asubuhi. Usiku, mende wanatoka kwenye mifereji na vyoo, wanafuata harufu hiyo.

Hatari iko katika njia hiyo wanayopita. Mende haambukizi kwa kuuma kama mbu. Anabeba mikrobi kwenye miguu na tumboni, kisha anaziacha pamoja na kinyesi chake juu ya kikombe, meza au bandeji. Nzi naye anatoka chooni na kutua kwenye kidonda au chakula.

Huko Afrika Kusini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihusu watoto wachanga walioambukizwa hospitalini mikrobi ya Klebsiella, ya aina isiyosikia antibiotiki nyingi. Mikrobi hiyo ilipatikana pia kwa mende wa mahali hapo. Haikuthibitishwa kwamba mende ndiye aliyeianzisha, na mikono isiyonawa inabaki njia kubwa zaidi. Lakini muuguzi anaweza kunawa vizuri, mende akapita nyuma yake.

Kwa wakaaji wa Kivu, ambako kipindupindu hakiishi, jambo hili ni zito. Goma inakumbuka Julai 1994, wakati kipindupindu na kuhara damu viliua maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Maji machafu ndiyo yaliyokuwa chanzo kikubwa, ila ndoo ya mgonjwa wa kipindupindu ikikaa wazi, bila klore, nzi hawakawii.

Wakuu wa hospitali mara nyingi wanakimbilia dawa ya kunyunyiza. Inaua mende wanaoonekana, lakini mayai yao yamefungwa katika kifuko kigumu. Baada ya wiki chache wengine wanatokea. Tena, kunyunyiza sumu karibu na watoto wachanga si jambo la mchezo.

Vinavyosaidia zaidi ni vitu vidogo: pipa lenye kifuniko, wavu dirishani, bomba lisilovuja, na mahali pa ndugu kulia chakula nje ya chumba cha wagonjwa. Shida ni pesa. Hospitali inayoishi kwa malipo ya wagonjwa inanunua dawa na kulipa wafanyakazi kwanza, na bomba linaendelea kuvuja. Kumkaripia mama aliyeficha sahani chini ya kitanda hakugharimu kitu, lakini hana pengine pa kuiweka.