Herufi peke yake haiponyeshi mugonjwa

Wakati huu wa mitihani, nilisimama na mikro yangu mbele ya fakulte moja ya unganga hapa Bukavu. Niliuliza wanafunzi swali moja tu: munapenda mupimwe namna gani?

Wengi wanapenda maswali ya kuchagua jibu, yale tunaita QCM. Wameyazoea tangu Examen d'État. Wanasema herufi haijui wewe ni mutoto wa nani, na mwalimu mwenye mamia ya wanafunzi anasahihisha haraka. Ni kweli. Lakini tuhesabu: kama kila swali liko na majibu matano, mwenye kubahatisha tu anaweza kupata karibu 20 juu ya 100. Tena, mugonjwa hakuji hospitali na majibu matano mukononi ili munganga achague.

Wengine wanapenda mutihani wa mudomo. Hapo mwalimu anaweza kuuliza "kwa nini?" mpaka ajue kama mwanafunzi ameelewa ao amekariri silabusi tu. Lakini unaingia peke yako, unatoka bila karatasi, na pointi zikikosekana hauna la kuonyesha. Sote tunajua neno "branchement". Wasichana wawili waliniomba nizime mikro kwanza, ndipo wakasema ule mulango unaofungwa unawaogopesha.

Kwa maoni yangu, kuna njia ingine inayotufaa: ECOS. Ronald Harden na wenzake wa Dundee, kule Scotland, waliieleza mwaka wa 1975. Tangu 2024, Ufaransa inaifanya kwa inchi nzima. Wanafunzi wanapita meza kwa meza. Kwa kila mumoja dakika ni zilezile, kesi ni ileile, na mwalimu ana orodha ya pointi: amenawa mikono? Ameuliza mugonjwa amekwisha kunywa dawa gani? Ameeleza mama namna ya kumupa mutoto dawa?

Watu watasema: pesa iko wapi? Sisemi ni rahisi; inaomba walimu wengi kwa siku moja. Lakini meza, saa na mutu wa kuigiza mugonjwa tunavyo. Na mutu huyo aseme Kiswahili ao Mashi. Wanafunzi wetu wanasoma na kujibu kwa Kifaransa, kisha siku ya kwanza ya kazi wanakutana na mama asiyejua Kifaransa hata neno moja. QCM haiwezi kupima hilo.

Tusitupe QCM, ibaki kwa kupima nadharia. Mutihani wa mudomo uwe na walimu wawili na mulango wazi. Lakini mutu asipewe diploma ya unganga kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kumupima mugonjwa na kusema naye.

Wakubwa wa fakulte, musikilize wanafunzi wenu. Usiku mumoja mutu wa kwenu atafikishwa hospitali, na atakayemupokea ni mumoja wao.