Kipenu kimekuwa kifupi, nani ainue paa?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni maua na mishumaa, tuzungumzie mabati. Usicheke. Nimeona wapenzi wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya kitu kilichonunuliwa kwa furaha halafu kikakosa pa kukaa: friji lisilopita mlangoni, kitanda cha sita kwa sita kwenye chumba cha kusogea kwa ubavu, gari refu kuliko geti. Kwangu mimi na mume wangu kitu hicho kilikuwa tela la kambi, na ubishi ulikuwa juu ya kipenu.

Tunaishi Arusha. Mume wangu ana karakana ya fanicha kwenye kiwanja chetu, na ubavuni mwake kuna kipenu: upande mmoja paa limeshikwa na ukuta wa karakana, upande wa pili limekalia nguzo. Hapo ndipo lilipolala tela letu la zamani, lile la hema la kukunja, fupi kama meza. Hapo pia ndipo mbao za wateja zinapokauka kivulini. Alipozaliwa mtoto wa pili, hema likawa dogo. Tukapata tela lingine la mkono wa pili, lenye kuta ngumu, vitanda vinne na jiko la kuvuta nje. Urefu wake hadi kwenye kidirisha cha juu ni mita 2.65. Kipenu chetu, upande wa nguzo, kilikuwa na mita 2.30.

Hilo tulilijua kabla ya kulipa, maana mume wangu hatembei bila tepu. Lakini kujua hakukumaliza ubishi. Yeye alisema, "Mama, tunarefusha nguzo tu, kazi ya siku mbili." Mimi nikasema hapana. Na fedha yenyewe ilikuwa ile tuliyotenga kwa ajili ya plasta ya vyumba vya watoto, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya kupandisha sauti kidogo.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu kwenye mambo ya paa hesabu huwa inatuliza kuliko maneno matamu.

Kipenu chetu kina upana wa mita 4. Upande wa ukutani paa lilikuwa mita 3, upande wa nguzo mita 2.30. Maana yake maji yalikuwa yanashuka sentimita 70, mteremko wa nyuzi kama 10, ambao bati la kawaida la migongo linauhimili vizuri. Tela jipya lilihitaji nafasi ya karibu mita 3 ili lipite bila wasiwasi. Ukirefusha nguzo peke yake hadi hapo, mteremko unakwisha kabisa, paa linakuwa kama meza. Hata ukijibana ukaishia mita 2.90, unabaki na sentimita 10 tu za kushuka kwa mita 4 nzima. Mvua za masika hazina huruma na paa la namna hiyo. Maji yanasimama, yanarudi nyuma chini ya maungio ya mabati, yanafuata matundu ya misumari, halafu yanateremka na ukuta hadi karakana.

Hapo ndipo nilipogoma, bwana. Ile karakana ndiyo inayolipa ada. Tela ni starehe, nami naipenda sana starehe hiyo, asubuhi za Tarangire na chai ya kwenye bati watoto wakiwa bado na usingizi machoni. Lakini starehe haiwezi kuleta mvua kazini. Ukitazama vizuri, kila mmoja wetu alikuwa anatetea kitu cha mwenzake: mimi karakana yake, yeye safari zangu. Tulipoligundua hilo, sauti zilishuka.

Tukakaa mezani na karatasi, tukapitia njia zote.

Kuchimba sakafu chini sentimita 60? Ni rahisi siku ya kwanza. Masika yakifika umejichimbia bwawa, na tela utalivuta kulipandisha kila safari.

Kugeuza mteremko, upande wa nje uwe juu? Tela lingeingia bila shida, ila maji yote yangekuja kwenye ukuta wa karakana. Hapana.

Kulilaza tela nje chini ya turubai? Linaweza kwa muda mfupi, lakini jua linakausha mipira ya madirishani na joto la ndani linachosha gundi. Baada ya miaka michache unanunua tela upya bila kujua.

Iliyobaki ni kukitenganisha kipenu na ukuta. Tuliweka safu ya pili ya nguzo karibu na karakana, paa likapanda juu ya upenu wake: mita 3.70 upande wa ndani, mita 3 upande wa nje. Mteremko ukabaki uleule wa zamani. Maji ya paa la karakana, ambayo sasa yangemwagikia chini ya paa jipya, tuliyawekea gata yanakoelekea tangi. Ndiyo, ni ghali kuliko kurefusha nguzo. Lakini mabati ya zamani yamekwenda kwenye banda la kuku, na plasta imesubiri miezi mitatu. Tulikubaliana tarehe ya plasta kabla fundi hajaanza kung'oa msumari wa kwanza, tukaiandika kwenye kalenda ya jikoni.

Kama wewe na mwenzi wako mna mpango unaofanana na huu, chukueni haya.

Pimeni chini ya boriti, siyo chini ya bati. Boriti inakula sentimita 15 bila kuaga. Ongezeni sentimita 30 za usalama juu ya urefu wa tela.

Pimeni njia nzima. Sisi tulikata mwanzi wa mita 2.95, mume wangu akautembeza ukiwa wima kutoka getini hadi mwisho wa kipenu. Tawi la mparachichi lilikatwa. Waya wa umeme ulikuwa juu ya kutosha, ila ungekuwa chini, hiyo ni kazi ya shirika la umeme, siyo ya fundi wenu na ngazi. Mkiwa na kilima mlangoni kumbukeni kwamba tela likipanda, pembe moja huinuka kuliko kipimo cha sakafu tambarare.

Nguzo fupi isiungwe kwa kipande na misumari. Badilisheni nguzo nzima, au fundi afunge kwa bamba za chuma na bolti. Nguzo ndefu huyumba, kwa hiyo zitiwe mbao za mshazari na zisimamishwe kwenye zege.

Msiogope uzito wa paa peke yake, ogopeni upepo. Kipenu kiko wazi pembeni, upepo unaingia chini na kulisukuma paa juu. Paa lifungwe kwenye boriti, boriti kwenye nguzo, nguzo kwenye zege.

Chagueni miezi mikavu. Kwetu Arusha ni Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Na kabla ya yote, ulizeni halmashauri yenu kuhusu kibali, hasa kama paa linakaribia mpaka wa jirani.

La mwisho halihitaji tepu. Kabla ya kuleta nyumbani kitu kikubwa, kila mmoja ajibu kwa sauti: kitakaa wapi, kitamsogeza nani, na kitachelewesha nini? Mkijibu wote wawili, hata jibu likiwa chungu, hakuna atakayesema baadaye kwamba alishtukizwa. Anayelipa siyo lazima awe ndiye anayesogezwa, na anayesogezwa ana haki ya kuulizwa kabla tela halijafika getini.

Je, kwenu ni kitu gani kimekuwa kirefu kuliko paa? Kizungumzeni wikiendi hii, tepu ikiwa mezani. Tukutane mwezi ujao.