Tripodi ya bei ya kutupa itakuangusha, na kamera yako pia

Sikiza, kijana mwenzangu. Umejinyima miezi minane. Umeacha chai ya saa nne, umetembea hadi stejini badala ya kupanda boda, na hatimaye umenunua kamera iliyotumika. Umebaki na elfu tano hivi. Unaingia Luthuli Avenue kutafuta tripodi, na muuzaji anakutolea moja nyeusi inayong'aa, ndefu kukushinda, yenye mfuko wake na kishikio cha simu juu. "Elfu moja mia tano tu, bosi wangu." Mkono tayari uko mfukoni, unatafuta simu ulipe kwa M-Pesa.

Mimi nakuambia, usilipe. Bado.

Kosa letu vijana wa kazi za picha ni kuhesabu tripodi kama kifuniko cha lenzi, yaani kitu cha kumalizia chenji. Tunaweka elfu arobaini juu ya elfu moja na nusu, kisha tunashangaa. Hicho kitu cha chenji ndicho pekee kilichosimama kati ya kamera yako na sakafu.

Nililipia somo hili kwenye ruracio fulani huko Murang'a. Kamera ilikuwa ya kukodi, tripodi ilikuwa yangu. Klipu ya mguu mmoja, ya plastiki, ilikuwa imeanza kulegea, nikaizungushia selotepu nikijiambia itanifikisha jioni. Haikunifikisha hata saa nane. Nilikuwa upande wa pili wa hema wakati ule mguu ulipoanza kurudi ndani polepole. Lenzi ndiyo iliyotangulia chini. Malipo ya siku hiyo, na ya kazi mbili zilizofuata, yalienda kwa mwenye kamera. Hiyo tripodi ya 1,500 ilinila kazi tatu. Rahisi ni ghali, wazee walisema, na mimi nina risiti.

Sasa, sisemi ukakope ununue tripodi ya elfu hamsini. Nasema hivi: kama bajeti ni ndogo, usinunue urefu wala mbwembwe. Nunua uthabiti.

Anza na kazi yenyewe. Unapiga nini hasa? Kama ni video za TikTok kwa simu ndani ya chumba, stendi ndogo ya mezani inakutosha, na hiyo ya 1,500 pengine haina neno. Simu ni nyepesi. Lakini kama unarekodi harusi, mahojiano ama ibada ya saa tatu, hesabu uzito. Kamera ya kuanzia na lenzi yake ndogo kwa kawaida haifiki kilo moja. Ukiazima ile lenzi nene ya 70-200 yenye f/2.8, hiyo peke yake ni karibu kilo moja na nusu. Ongeza maikrofoni na taa. Chukua tripodi iliyoandikwa kubeba angalau mara mbili ya uzito huo, kwa sababu kila kampuni hupima kwa njia yake na namba ya kwenye boksi huwa na matumaini mengi.

Kisha angalia miguu. Bibi yako anajua kwa nini mafiga ni matatu: chungu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Meza ya kibandani ina miguu minne na bado unaitilia karatasi chini. Miguu mitatu hugusa chini daima, lakini lazima kila mguu uwe imara. Mguu wenye vipande vitatu kwa kawaida huwa mgumu kuliko wenye vitano, maana kila kiungo ni mahali pa kuyumba na kipande cha mwisho huwa chembamba kama penseli. Tafuta alumini. Miguu ya nyuzi za kaboni ni mizuri na myepesi, lakini ni ya mtu anayepanda Mlima Kenya na begi mgongoni. Wewe unapanda matatu, beba alumini.

Kuhusu urefu, wacha nikuvunje moyo kidogo. Ile nguzo ya katikati unayoizungusha ili kamera ipande juu ndiyo inayoharibu mambo. Ukiivuta yote, umeweka kamera juu ya fimbo moja. Tripodi fupi inayofika kifuani bila kuinua nguzo inashinda ndefu inayotetemeka. Ukitaka picha ya juu, panda kiti.

Kitu kingine ambacho muuzaji hatakwambia: uliza kama kichwa kinatoka. Tripodi nyingi za bei ya chini zimeunganishwa kichwa na miguu moja kwa moja. Kichwa kikiharibika, umetupa zote. Zile bora zina skrubu ya inchi 3/8 juu ya miguu, unafungua kichwa na kufunga kingine. Hapo ndipo mwenye pesa kidogo anaposhinda. Leo nunua miguu mizuri yenye kichwa cha kawaida. Mwaka ujao, kazi za video zikija, nunua kichwa kinachogeuka taratibu bila kurukaruka. Miguu inabaki ile ile, hata ukibadilisha kamera mara tatu.

Ukifika dukani, usione haya. Beba kamera yako. Fungua miguu yote, ikandamize kwa mkono kutoka juu uone kama inateleza. Funga na ufungue kila klipu mara kumi. Weka kamera, vuta lenzi hadi mwisho, lenga kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, kisha gonga mguu kwa kidole ukitazama skrini. Picha ikitulia haraka, sawa. Ikiendelea kucheza kama jeli, rudisha. Mwisho, inamisha kamera itazame chini, kaza kichwa, uachilie. Ikizidi kushuka yenyewe, hata video ya dakika mbili itakuaibisha. Muuzaji akikasirika kwa sababu unapima, huyo amekujibu tayari.

Najua utaniuliza, "Na kama kweli sina pesa?" Swali la haki. Jibu langu la kwanza ni tripodi iliyotumika. Kamera iliyotumika huficha magonjwa ndani, lakini tripodi haina siri nyingi. Angalia kama mguu umepinda, kama klipu ina ufa, kama kuna mchanga unaokwaruza ndani. Hakikisha kile kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera kipo, maana kikipotea unaweza kuzunguka mji mzima ukitafuta kinachoingia. Kutana na muuzaji mahali penye watu, pima kwanza, lipa baadaye.

Jibu la pili ni kukodi siku ya kazi na kuiweka gharama hiyo kwenye bei ya mteja. La tatu ni la bure: mfuko wa kitambaa uliojaa maharagwe makavu. Uweke ukutani ama kwenye meza, lalisha kamera juu, tumia saa ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Picha za usiku za jiji zinatoka safi kabisa. Afadhali maharagwe ya kweli kuliko tripodi ya uongo.

Na ile uliyo nayo tayari, itunze. Penye upepo, kama pale Mama Ngina Waterfront Mombasa, ning'iniza begi lako katikati ya miguu liiongezee uzito. Penye mteremko, miguu miwili ielekee chini. Ukitoka ufuoni, isuuze kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi na mchanga hula klipu.

Mteja hatawahi kukusifu kwa tripodi nzuri. Hataiona. Ataona bibi harusi ametulia kwenye skrini, na atampa rafiki yake namba yako. Lakini ile mbovu ataiona, pamoja na ukumbi mzima, siku itakapolala chini na kamera yako ikiwa chini yake.

Kwa hivyo rudisha simu mfukoni kwanza. Fungua miguu, kandamiza, gonga, tazama. Ndipo ulipe.