Gari la Nyumbani: Breki Kwanza, Injini Baadaye

Safu hii imepokea barua ya askari polisi mmoja wa cheo cha sajini. Marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa askari, alimwachia gari aina ya Volkswagen la mwaka 1965, lile lenye mgongo wa mviringo ambalo Wajerumani walioliunda huliita Käfer, yaani mbawakawa. Gari hilo lingali na injini yake ya asili. Ndugu yetu anataka kulitia injini yenye nguvu zaidi ili kila Desemba awapeleke watoto kwa bibi yao huko Kabale. Fundi amemshauri atengeneze injini ya 1,776 yenye kabureta mbili, naye yu tayari kukopa fedha katika chama cha akiba na mikopo. Anauliza: je, ushauri huo ni mwema? Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine, mkewe ameongeza mstari mmoja: "Mwalimu, mwulize pia habari ya breki."

Nitaanza na swali la mume, kisha nirejee kwa la mke, ingawa la mke ndilo zito zaidi.

Injini ya gari hilo ina ujazo wa sentimita 1,192 na nguvu za farasi 34. Kiwanda chenyewe hakikusimama hapo. Mwaka 1965 kilileta injini ya 1,285 yenye nguvu 40. Mwaka 1966 ikafuata ya 1,493 yenye nguvu 44. Na mwaka 1970 ikaja ya 1,584, ambayo mafundi huiita elfu moja mia sita, yenye nguvu 50. Lakini tukumbuke kwamba hewa hupungua uzito kadiri tupandavyo, na kwa kila mita 1,000 injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kabale inakaribia mita 2,000. Huko juu, zile nguvu 34 hubaki kama 27 au 28 tu. Kwa hiyo ndugu yetu hakukosea kuona kwamba gari lake huhema mlimani.

Anazo njia tatu. Ya kwanza ni kuifufua injini aliyonayo: kupima mgandamizo wa silinda zote nne, kurekebisha vali, kubadili plagi na kusafisha kabureta. Injini nyingi zinazoitwa dhaifu ni injini zilizochoka tu. Tena, Volkswagen ya umbo hilo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, miaka minane kabla injini ya 1,584 haijatiwa katika gari hilo.

Njia ya pili ni kununua injini nzima ya 1,584 yenye kabureta moja, kama ilivyotoka kiwandani. Injini ya gari hili hushikwa na bolti nne tu, hivyo kuitoa na kuirudisha si kazi ya siku nyingi. Lakini kabla ya kulipa, ifunguliwe na kukaguliwa. Aidha, magari mengi ya kabla ya 1967 yana umeme wa volti 6, na flaiwili yake ina meno 109. Injini za baadaye ni za volti 12, zenye flaiwili pana zaidi ya meno 130, na huenda nyumba ya giaboksi ikabidi kusagwa kidogo ili flaiwili hiyo izunguke bila kugusa. Gharama hizo fundi asizifiche mpaka injini iwe imekwisha kuondolewa.

Njia ya tatu ndiyo ya 1,776. Hapo kasha la injini hukatwa kwa mashine ili lipokee silinda pana za milimita 90.5. Kabureta mbili zahitaji kulinganishwa kila mara, hunywa petroli zaidi, na joto huongezeka. Injini hii haina maji. Hupozwa kwa hewa ya feni na kwa mafuta yake, ambayo ni lita mbili na nusu tu. Kwa mwanamashindano mwenye fundi wake hilo si neno. Kwa askari anayeweza kuhamishwa wakati wowote kwenda kituo kisicho na spea, ni mzigo.

Shauri langu ni njia ya pili, iwapo ya kwanza imejaribiwa ikashindwa. Mabati yanayoizunguka injini, pamoja na mipira yake, yarudishwe yote, kwani yakikosekana feni huvuta tena hewa ya moto. Mafuta yabadilishwe kila kilomita 5,000, na nafasi ya vali ipimwe milimita 0.15 injini ikiwa baridi.

Sasa nirudi kwa mama wa nyumba. Gari la mwaka 1965 lina breki za ngoma kwa magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hupita katika njia moja. Likivuja gurudumu moja, yote manne hupoteza breki. Watengenezaji walilijua hilo: walipoleta injini ya 1,493 mwaka 1966, katika nchi nyingi waliiambatanisha na breki za diski kwa magurudumu ya mbele, na baadaye wakaleta masta silinda ya njia mbili.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nami nililitia gari langu kama hilo injini kubwa, nikaiacha mipira ya breki ya zamani kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Tukishuka mlima, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma, pedali ilizama hadi sakafuni. Breki ya mkono, ambayo huvutwa kwa waya, ilituokoa pamoja na ukingo wa udongo kando ya barabara. Mke wangu hakunigombeza. Alishuka, akawahesabu watoto, na akaenda nao kwa miguu hadi kituo cha basi. Kosa lilikuwa langu, wala sikupata neno la kumjibu.

Kwa hiyo, Afande, mkopo wako uanze hapa: mipira mipya ya breki, viatu vya breki, masta silinda ya njia mbili, na matairi mema. Kisha endesha mwezi mmoja kwa injini ya marehemu baba yako baada ya kuirekebisha. Ikiwa bado haikutoshi, nunua ile ya 1,584. Na karo ya watoto isiguswe, kwani mlima wa Kabale waweza kupandwa hata kwa gia ya pili.

Umpe mkeo salamu zetu. Hadi wiki ijayo.