Fahali wawili hukaa zizi moja likigawanywa

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Fundi mmoja wa Jinja alinikumbusha msemo huo nilipompelekea kompyuta ya shule yetu ya hapa Mbale. Ilikuwa na Debian, tunayoitumia kuweka kumbukumbu za ofisi. Nilimwomba aongeze Edubuntu, aina ya Linux iliyosheheni programu za kufundishia watoto. Alikubali shingo upande. Niliporudi kuichukua, Edubuntu ilikuwapo, lakini Debian haikuwapo, wala alama za muhula mzima.

Simlaumu peke yake. Yeye alichagua kufuta diski yote. Mimi sikuwa na nakala. Lakini msemo wake nikaukataa.

Sisi tuliorudi tunajua kuishi pamoja. Uhamishoni Bungoma, nikiwa mwanafunzi, familia tatu tulipanga nyumba moja. Kila familia ilikuwa na chumba chake, ua ulikuwa wa wote, na ufunguo wa mlango wa mbele alikaa nao mzee mmoja. Kompyuta haina tofauti na nyumba ile.

Jambo hili linawahusu pia wafanyabiashara wa Malaba na Busia wanaoweka hesabu zao kwenye kompyuta za mitumba. Windows 10 iliacha kuhudumiwa bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Linux haidai ada ya leseni. Ukiwa na mbili, watoto wakiharibu yao utaiweka upya bila kugusa daftari la duka.

Ila kuna masharti. Kwanza, vyumba. Diski ya GB 500 yaweza kugawanywa hivi: Debian GB 60, Edubuntu GB 80, na nafasi iliyobaki iwe ghala la mafaili ya wote. Folda ya home kila mfumo uwe na yake, maana humo ndimo programu huweka mipangilio; toleo jipya likiibadilisha, la zamani huweza kushindwa kuisoma. Tena usilaze mfumo mmoja kazi zikiwa wazi kisha ukawasha mwingine. Zima kabisa.

Pili, mlango. Mwenye ufunguo ni GRUB, programu inayokuuliza uwashe mfumo upi. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, kwa kawaida GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe. Ndiyo maana mtu huona mfumo mmoja tu akadhani mwingine umefutwa, kumbe upo. Katika mfumo unaoshika mlango, fundi ahakikishe os-prober imewekwa, aandike GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili la /etc/default/grub, kisha atoe amri ya update-grub akiwa na mamlaka ya msimamizi.

Tatu, nakala. Kabla fundi hajagusa diski, hamishia mafaili kwenye flashi, uifungue katika kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka, kisha ubaki nayo mfukoni.

Mwalimu au mfanyabiashara anayepeleka kompyuta kwa fundi amwulize swali moja kabla ya bei: utagawaje diski? Akijibu kwamba ataanza kwa kufuta yote, beba kompyuta yako urudi nyumbani. Mimi sikuuliza, na wanafunzi wangu walirudia mitihani.