Mtoto Kabonyeza, Nani Alipe?

Kila inapotoka habari ya mtoto aliyemaliza pesa za mzazi ndani ya gemu, hukumu huwa tayari kabla habari haijasomwa mpaka mwisho: mzazi ni mzembe, mtoto ni mwizi, kampuni haina kosa. Kwa bahati nzuri, Marekani madai hayo yameshafikishwa mbele ya tume na mahakama, tena barua pepe na takwimu za kampuni zenyewe zikiwa mezani. Ukizisoma kesi hizo, ni machache yanayobaki yamesimama.

"Mzazi ndiye aliyeandika nywila, basi ameridhia."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na lina ukweli ndani yake. Nywila iliandikwa na mzazi. Lakini aliridhia nini? Katika shauri lililomalizika Januari 2014, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilieleza jinsi duka la programu la Apple lilivyokuwa likifanya kazi. Mzazi akishaandika nywila mara moja, mlango ulibaki wazi kwa dakika 15, na ndani ya muda huo mtoto aliweza kununua tena na tena bila kuulizwa chochote. Mzazi hakuambiwa kwamba mlango umebaki wazi. Google nao walikuwa na mlango wao, wa dakika 30. Kitu kimoja ndani ya gemu kiliweza kuuzwa hadi dola 99.99, na mzazi mmoja aliripoti kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika Tap Pet Hotel, gemu ya kuendesha hoteli ya wanyama.

Mama akimtuma mtoto kwa Mangi na pochi akanunue mkate, kisha Mangi akakaa robo saa nzima anachomoa noti kwa kuwa mtoto anaitikia kwa kichwa, mtaa mzima ungekwenda kusimama mbele ya duka la Mangi. Swali la kwa nini mama alimtuma mtoto lingekuja baadaye sana, kama lingekuja. Apple ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5, na Google, Septemba mwaka huohuo, angalau milioni 19.

Amazon wao hawakuwa hata na mlango. Walipoanza kuruhusu ununuzi ndani ya gemu Novemba 2011, nywila haikuhitajika kabisa. Mwezi uliofuata, mtu wa ndani ya kampuni aliandika kwamba ni wazi wanawaletea matatizo wateja wengi. Machi 2012 ikawekwa nywila, lakini kwa manunuzi yanayozidi dola 20 tu, kana kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kununua cha dola 19 mara kumi. Aprili 2016, jaji wa shirikisho mjini Seattle, John Coughenour, aliamua kwamba Amazon ilikuwa imevunja sheria.

Nasi tusiwaone Wamarekani wageni sana katika hili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, yaani miaka 18. Anayesema kwamba mtoto wa darasa la kwanza "amekubali masharti" kwa kubonyeza kitufe cha kijani, basi atuambie ni masharti ya nani.

"Mtoto anajua anachofanya. Huo ni wizi."

Inategemea mtoto yupi. Kijana wa miaka 15 anayechukua kadi ya baba usiku, akaandika tarakimu zake, akafuta ujumbe wa benki asubuhi, anajua sana, na adhabu yake ni suala la nyumbani kwao. Simtetei.

Ila kesi zilizojaa kwenye mafaili si za huyo. Katika Ice Age Village, gemu iliyokuwa kwenye duka la Amazon, mtoto alikuwa na sarafu na mbegu za mwaloni za kuchezea, na alinunulia vitu bila kugusa senti ya mtu. Skrini nyingine, inayofanana nayo sana, iliuza sarafu na mbegu zilezile kwa pesa halisi, hadi karibu dola 100 kwa mara moja. Mtu mzima mwenye miwani angeweza kuzichanganya. Facebook nako, nyaraka zilizofunguliwa na mahakama mwaka 2019 zilionyesha kwamba wafanyakazi walichunguza malalamiko ya pesa zilizotumika kwenye Angry Birds, wakakuta wastani wa umri wa wachezaji waliohusika ni miaka mitano. Wazazi karibu wote walijua watoto wao wanacheza. Hawakujua kwamba mtoto anaweza kununua bila nywila yao.

Miaka mitano! Mtoto wa umri huo bado anaamini kwamba noti nyingi ndogo ni pesa nyingi kuliko noti moja kubwa. Kumwita mwizi ni kuidhalilisha lugha.

"Kampuni haiwezi kujua nani ameshika simu."

Inaweza kukisia vizuri kuliko jirani yako. Nyaraka hizohizo za Facebook zinaonyesha kwamba wafanyakazi walijaribu dawa rahisi: kabla ya malipo, mchezaji aandike upya tarakimu sita za kwanza za kadi. Mtoto hana kadi mkononi, kwa hiyo anakwama hapo. Jaribio lilipunguza malalamiko, lakini kampuni haikuliendeleza. Mapato yalikuwa yanapita njia hiyohiyo.

China ilikwenda mbali zaidi. Kanuni za Novemba 2019 ziliwataka wachezaji wajiandikishe kwa majina yao halisi, zikapiga marufuku aliye chini ya miaka minane kutumia pesa yoyote, na zikaweka kikomo cha yuani 200 kwa mwezi kwa wenye miaka 8 hadi 16. Unaweza kuichukia serikali inayoingia chumbani kwako kiasi hicho, na sababu zipo. Huwezi tena kusema haiwezekani kiufundi. Ni kweli pia kwamba watoto wa huko waligundua kitambulisho cha bibi kinafanya kazi vizuri tu, jambo ambalo halimwondoi mzazi kwenye hesabu. Nitalirudia.

"Si unarudishiwa tu?"

Waulizeni waliojaribu. Amazon ilikuwa ikitangaza kwamba manunuzi ya ndani ya programu hayarudishwi. Iliposhindwa mahakamani ilitaka kuwalipa wateja kwa kadi za zawadi za Amazon, yaani pesa irudi dukani kwake, jaji akakataa. Malipo yaliyostahili kurejeshwa, ya tangu Novemba 2011 hadi Mei 2016, yalizidi dola milioni 70, na wateja walianza kupewa nafasi ya kuyadai mwaka 2017. Aliyekatwa pesa mtoto akiwa chekechea, mtoto huyo alikuwa tayari anaandika insha.

Epic Games, wenye Fortnite, walikuwa wakali zaidi. Vitufe vyao vilipangwa kiasi kwamba mchezaji aliweza kukatwa pesa akiwa anaiamsha tu gemu iliyolala, au akitaka kuangalia vazi la mhusika kabla ya kulinunua. Mzazi aliyepinga makato hayo kwa kampuni ya kadi yake alikuta akaunti imefungwa, pamoja na vitu vyote alivyokwisha kuvilipia kihalali. Desemba 2022 Epic walikubali kulipa dola milioni 245 za kurejesha, juu ya faini ya milioni 275 kwa kukiuka faragha ya watoto.

"Gemu ni ya bure, watengenezaji nao wale nini?"

Wale. Waandike bei mlangoni, mwenye pesa alipe.

"Basi mzazi hana lake."

Hili ni dai la upande wangu, nami silikubali. Huku kwetu kadi za benki zilizohifadhiwa kwenye simu ni chache. Pesa inakaa kwenye simu yenyewe, na malipo mengi hudai namba ya siri. Ila namba hiyo watoto wanaijua, na aliyewapa ni sisi. "Hebu ninunulie umeme." "Mtumie fundi elfu tano, mikono yangu ina unga." Kenya, tangu M-PESA GlobalPay ianze mwaka 2022, kadi ya Visa isiyoshikika inachota kwenye pochi hiyohiyo na kulipia maduka ya ng'ambo. Hapo hakuna dakika 15 za kulaumu. Mtoto ameingia kwa ufunguo tuliompa. Na dola za FTC zilirejeshwa kwa wateja wa Marekani, si kwa mkazi wa Mbagala wala Likoni.

Kwa hiyo badilisha namba ya siri leo, na usiitaje kwa sauti ukiwa jikoni. Kwenye Google Play, weka mpangilio wa kudai uthibitisho kwa kila ununuzi. Ukitumia iPhone, upo mfumo wa mtoto kuomba ruhusa kwanza, ulioletwa na Apple miezi michache baada ya kubanwa mwaka 2014. Pesa ikiwa imeshakwenda, usilale nayo: Google hupokea maombi ya kurejeshewa ndani ya saa 48 tangu ununuzi, na zikipita unaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu, ambaye mara nyingi yuko nchi nyingine na ndiye hasa aliyeipokea pesa yako.